Umeme wa Kidatu, Kelele za Mburahati

Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa nyimbo uliopewa jina Sounds of Sisso. Nyimbo hizo zilitengenezwa Mburahati, Dar es Salaam, katika studio ya Mohamed Hamza Ally, ambaye mtaani hakuna anayemwita hivyo. Yeye ni Sisso. Waandishi wa muziki wa Ulaya walizisikiliza wakashika vichwa. Vipande vya taarabu vilikatwa na kukimbizwa mpaka sauti ya mwimbaji ikawa ya katuni, ngoma zilipiga mara mia mbili na zaidi kwa dakika, na juu ya vurugu hiyo kijana alimwaga maneno kama hana haja ya kuvuta pumzi. Wakauita muziki wa majaribio, muziki wa kesho.

Kwa mkazi wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, muziki huo ulikuwa wa jana. Alikwisha kuusikia kwenye spika za bajaji, harusini na kwenye ngoma za mwali, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna jaribio lolote linafanywa. Kwake ilikuwa singeli, basi.

Wote wawili wana haki yao, lakini wote wawili wanauona mwisho wa hadithi tu. Singeli ni hatua ya karibuni ya kazi ambayo wanamuziki wetu wameifanya kwa karibu miaka mia: kuuchukua wimbo wa mwingine uliokwisha kupendwa, kuupitisha kwenye mashine iliyopo, na kuutoa ukiwa kitu kipya. Kila zama zilikuja na mashine yake, na kila mashine ilidai nguvu ya kuiendesha. Hapo ndipo bonde la Kilombero, ambalo halitajwi kabisa katika masimulizi ya muziki huu, linapoingia.

Santuri na watu wa Morogoro, 1928–1965

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zao zilirudi Zanzibar na kusambaa mwambao wote, watu wakasikia Kiswahili chao kikitoka ndani ya sanduku. Katika miaka ya 1930 zikaingia santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Cuba. Waliozinunua hawakujua Kihispania. Walijua kucheza.

Mmoja wa waliotekwa na sauti hiyo alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro, mji ambao hadi leo ndio makao makuu ya mkoa unaobeba Ifakara na bonde lake. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake aliwahi kutoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba, safari ikaishia Mombasa. Mwaka 1948 aliunda bendi iliyoitwa La Paloma, jina lililotokana na wimbo, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Alichokifanya hakikuwa kuiga tu. Aliuchukua mwendo wa Cuba, akauvua maneno yake, akauvisha mapenzi na misiba ya Kiswahili, na watu wa Morogoro wakauimba kana kwamba umezaliwa chini ya milima ya Uluguru. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, mji huo ulikuwa umeshakuwa mji wa muziki, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa anaanza kung'ara na Morogoro Jazz.

Mombasa nako Juma Bhalo alijipatia jina kwa kuziimba tuni za filamu za Kihindi kwa mashairi ya Kiswahili. Hakuna aliyemwita mwizi. Msikilizaji aliijua tuni tangu sinema. Alichokwenda kukipima ni maneno, na namna sauti ilivyoikunja tuni ile mpaka ikakubali.

Gramafoni yenyewe ilikuwa inatoa somo jingine bila kukusudia. Ilizungushwa kwa mkono, na kamani ilipolegea, santuri ilipunguza mwendo na sauti ya mwimbaji ikazama mpaka mwanamke akasikika kama mzee wa kiume. Ukiichapua, mzee anageuka mtoto. Katika sauti iliyorekodiwa, mwendo na wembamba wa sauti vimefungwa pamoja: ukiugusa mmoja umeugusa wa pili. Siri hiyo ndiyo itakayokuja kuwa uti wa mgongo wa singeli.

Kaskazini mwa bara letu kulikuwa na aliyeanza kuichezea sauti iliyorekodiwa kwa makusudi. Mwaka 1944, Cairo, Halim El-Dabh alibeba kinasa sauti kilichotumia waya, akarekodi nyimbo za wanawake katika sherehe ya zar, ile ya kupunga pepo ambayo ina ndugu zake pwani ya Afrika Mashariki. Kisha akaingia studio ya redio na kuzibadilisha sauti zile kwa mwangwi na kwa kuondoa baadhi ya masafa yake, mpaka ukabaki mvumo tu. Pierre Schaeffer wa Paris, anayetajwa mara nyingi kama baba wa muziki wa namna hiyo, alianza kazi zake miaka minne baadaye.

Miwa, reli na maporomoko, 1960–1985

Bonde la Kilombero liliingia kwenye uchumi wa taifa kwa mfululizo wa miradi mikubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari kilianza kazi Kidatu, na mashamba ya miwa yakavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Penye mishahara hapakosi ngoma. Kati ya 1970 na 1975 mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania na Kizambia walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikikata bonde kupitia Ifakara na Mlimba. Mji uliokuwa ukifikika kwa taabu wakati wa masika ukawa na behewa la moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Mchele ukashuka pwani, na mitindo ya mjini ikapanda bara.

Mradi wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1975, mahali ambapo Ruaha Mkuu unaporomoka kutoka kwenye nyanda za juu, kituo cha umeme wa maji cha Kidatu kilianza kuzalisha. Mwaka 1980 awamu ya pili ilikamilika na uwezo wake ukafika megawati 204. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote nchini, na mzigo mkubwa wa umeme wake ulikwenda Dar es Salaam. Taa za Kariakoo, vipaza sauti vya kumbi za dansi, mitambo ya kurekodia ya Radio Tanzania, vyote vilitegemea maji ya Kidatu. Wakati huohuo vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zile viliendelea kuwasha koroboi.

Kwa hiyo muziki wa bonde ulikuwa muziki wa betri. Redio ilikuwa moja, ya serikali, na iliamua watu wasikilize nini. Mwaka 1969 uongozi wa Dar es Salaam ulikuwa umepiga marufuku hata muziki wa soul, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Kanda za kaseti zilipoingia zilimpa mtu wa kawaida uhuru ambao hakuwa nao: kuchagua wimbo, kuurudia, kuunakili kwa jirani, na kuinusuru kanda iliyojinyonga kwa kuizungusha na kalamu ya Bic.

Yeyote aliyelala kwenye dungu la kulindia mpunga anajua pia kilichotokea betri zilipochoka. Wimbo ulianza kuburuza, gitaa likalegea, mwimbaji akaongea kama mzimu. Betri zilitolewa, zikaanikwa juani mchana kutwa, jioni zikarudishwa na wimbo ukapata uhai wa muda. Watu walicheka, na wengine waliupenda wimbo ule uliochoka kuliko ule mzima. Huko Houston, Marekani, miaka ya 1990, DJ Screw alijenga jina lake kwa kupunguza mwendo wa nyimbo za rapu kwa namna hiyo hiyo, akauza kanda zake kwa maelfu. Bondeni ilikuwa ni kero ya betri tu. Hakuna aliyefikiria kuiuza.

Kinanda kidogo cha Ruksa, 1985–2000

Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, alipoingia Ikulu mwaka 1985 na biashara ikaachiwa, bidhaa zilizokuwa ndoto zilianza kuonekana mitaani. Miongoni mwazo kulikuwa na vinanda vidogo vya Casio, vyepesi kiasi cha kubebwa kwapani, vilivyotengenezewa watoto wa Japani na Ulaya kujifunzia muziki. Vilikuwa na midundo iliyokwisha kupangwa ndani yake na, jambo lililokuwa muhimu zaidi, viliweza kutumia betri.

Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam yenye asili ya Kizaramo walivichukua na kuviingiza kwenye ngoma zao. Mdundiko na chakacha vilikuwa na wapigaji stadi. Kilichokosekana ni chombo cha tuni, na gitaa la umeme na ampli yake vilikuwa na bei ya kutisha. Casio iliziba pengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtindo huu ulikuwa umeshajulikana kama mchiriku, na mwaka 1992, Mwananyamala, likazaliwa kundi la Jagwa Music, ambalo ndilo lililokuja kujulikana nje ya nchi kuliko mengine.

Tulitazame kundi la mchiriku kwa karibu. Kuna mpiga kinanda mmoja anayerudiarudia kifungu kifupi cha noti kwa vidole viwili vitatu. Kuna ngoma mbili au tatu, na mtu anayegonga kigoda kwa vijiti. Kuna mwimbaji anayesimulia ugumu wa maisha, ulevi, ukimwi, mapenzi ya usaliti. Sauti zote zinaingia kwenye ampli ya kuokoteza na kutokea kwenye spika za tarumbeta, zile za misikitini na mikutano ya hadhara, zilizotengenezwa kubeba maneno na si besi. Spika hizo hazikuweza kubeba mzigo ule, zikakwaruza, na mkwaruzo huo ukawa sehemu ya muziki. Casio iliyopigwa kwa upole sebuleni na Casio iliyopigwa Mwananyamala usiku wa manane havikuwa vyombo viwili vya ukoo mmoja tena.

Jamaika ilikuwa imetangulia kidogo. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy walitumia mdundo uliokuwa ndani ya Casio MT-40, mdundo uliotungwa na mfanyakazi wa kampuni hiyo, Okuda Hiroko, wakatoa Under Mi Sleng Teng na kuigeuza reggae kuwa muziki wa mashine. Kingston na Mwananyamala hazikuandikiana barua. Zilikutana kwenye hali moja: mitaa yenye wapigaji wengi na fedha chache, na kiwandani mtu aliyetengeneza mashine ya bei nafuu bila kujua itakwenda wapi.

Miaka hiyo ilikuwa pia miaka ya mgao. Mvua zilipokosekana, mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipungukiwa maji, na Dar es Salaam ikaingia gizani kwa zamu, mwaka 1992 na tena katikati ya muongo. Bendi kubwa za dansi zilizotegemea umeme wa gridi ziliumia. Mchiriku, wenye kinanda cha betri na ampli iliyoweza kushikizwa kwenye betri ya gari, uliendelea kukesha. Redio nyingi hazikuupiga, kwa kuwa ulihesabiwa muziki wa wahuni, hivyo ulisafiri kwa kanda: kutoka mitaani hadi stendi, na kutoka stendi hadi kila kituo cha basi na treni, Mikumi, Kidatu, Mang'ula, Ifakara.

Sekunde tatu za taarabu, 2000–2013

Wakati mchiriku ukipigwa vichochoroni, taarabu nayo ilikuwa imebadilika. Fidla, kanuni na udi za vikundi kama Ikhwani Safaa zilidai watu wengi na miaka mingi ya kujifunza. Vikundi vya Dar es Salaam, TOT ambamo Khadija Kopa alitamba, na baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf, viliegemea kinanda cha kielektroniki, gitaa la besi na mipasho ya wazi. Hii ndiyo taarabu ya rusha roho, na kinanda chake kilikuwa na utangulizi mrefu, wenye madaha, uliopigwa kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Utangulizi huo ndio uliowavutia vijana. Katika sherehe za usiku kucha zilizoitwa vigodoro, kukodi kundi zima lilikuwa jambo la mwenye nazo. Kukodi didjei mwenye spika na kompyuta lilikuwa jambo la kila mtu. Didjei alipiga taarabu ya kina mama, na pale kinanda kilipokolea alikamata kifungu kimoja, akakirudia, akakirudia tena, huku mshereheshaji akichukua kipaza sauti na kughani juu yake. Wachezaji walitaka moto zaidi, naye akasogeza mwendo. Msaga Sumu ni miongoni mwa waliokulia katika kughani huku, na wengi humhesabu mfalme wa mtindo uliozaliwa hapo.

Kwa programu kama FruityLoops na Virtual DJ, kazi iliyofanywa na kamani ya gramafoni kwa bahati mbaya sasa ilifanywa kwa kubofya. Chukua kifungu cha taarabu cha sekunde tatu, chenye mapigo mia moja kwa dakika. Kikimbize mara mbili: sasa kina sekunde moja na nusu, mapigo mia mbili, na kimepanda oktava nzima. Kinanda kinalia kama filimbi. Kipande cha sauti ya mwanamke kinakuwa cha mtoto. Weka chini yake teke la ngoma, weka makofi, ongeza kicheko au king'ora, kisha rudia kwa dakika nne. Yaliyokuwa maringo ya bibi harusi yamekuwa mbio za vijana, lakini mwenye sikio bado anaitambua tuni. Utamu wenyewe uko hapo: kuutambua wimbo ukiwa umevaa nguo zisizo zake.

Wasomi wa Amerika Kaskazini walikwisha kulipa jambo hili falsafa. Mwaka 1961 James Tenney alimkatakata Elvis Presley kwa mkasi na utepe. Mwaka 1989 John Oswald wa Kanada alitoa albamu ya nyimbo za watu maarufu alizozivunja na kuziunga upya, Michael Jackson akiwemo. Aliigawa bure, na bado alilazimishwa kuziharibu nakala zilizobaki. Tofauti ni wasikilizaji. Tenney na Oswald waliwafanyia kazi watu wanaokaa kitini kutafakari. Vijana wa Manzese na Mburahati waliifanya mbele ya umati ambao ungemzomea didjei papo hapo kama kifungu kingekosa utamu. Walijaribu kila wiki, na hukumu ilitoka usiku uleule.

Redioni na kuvuka mto, 2014–2018

Serikali za mitaa na polisi walivikemea vigodoro na kuvipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya kelele na uchezaji wa aibu. Marufuku haikuua kitu. Kilichobadili mambo ni redio. EFM, iliyoanza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 2014, iliupa muziki wa uswahilini nafasi ya mchana kweupe, na mwaka 2016 Man Fongo akatoa Hainaga Ushemeji, wimbo uliovuka mipaka ya mitaa na ukaimbwa na watoto wa shule nchi nzima. Sholo Mwamba na Dulla Makabila nao wakavuma. Muziki wa wahuni ukaanza kualikwa kwenye kampeni za siasa.

Njia ya kwenda Kilombero ilikuwa nayo imebadilika. Kanda ilikuwa imekufa. Mahali pake palikuwa pameshikwa na kadi ya memori. Kijana mwenye kompyuta kuukuu kwenye kibanda alimrushia mteja mamia ya nyimbo kwa bei ya chakula cha mchana, akichanganya singeli, bongo fleva, kwaya na taarabu bila kuuliza nani katunga. Redio za bondeni na milimani, Pambazuko FM ya Ifakara ikiwa mojawapo, zilizidi kuuweka muziki karibu. Mwezi Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, na kivuko cha Kivukoni, kilichowachosha na mara nyingine kuwaponza wasafiri kwa miaka mingi, kikastaafu. Spika zilizofungwa kwenye bodaboda na kwenye magari ya sherehe sasa zinavuka kwenda Lupiro na Mahenge bila kusubiri zamu.

Kwa Wapogoro, wenyeji wa Mahenge, sangula na ngoma nyingine za jadi hazikuondoka kwa sababu hiyo. Sherehe moja inaweza kuwa na ngoma ya wazee jioni na singeli ya vijana usiku, na mtu akacheza zote mbili.

Kampala, Ulaya na jina jipya, 2017–2024

Hapo ndipo Nyege Nyege walipoingia. Derek Debru na Arlen Dilsizian, wageni waliohamia Kampala, walikuwa wameanzisha tamasha Jinja, kando ya mto Nile, mwaka 2015. Hawakuwatafuta nyota wa redioni. Walitafuta sauti ambazo hazikuwa na mlango wa kutokea, wakafika Mburahati. Baada ya Sounds of Sisso walitoa Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022, na mwaka huo huo mkusanyiko wa Pamoja Records, studio ya Duke. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu.

Kazi hizi si singeli ya redioni. Man Fongo anahitaji kiitikio kinachoshikika. Jay Mitta na Bamba Pana mara nyingi wanamwacha kabisa mwimbaji na kuziacha mashine zigombane zenyewe. Vifungu vinakuwa vifupi zaidi, vinavunjika katikati, mwendo unapanda hadi karibu mapigo mia tatu. Mtu aliyezoea muziki wa klabu za Ulaya anaziona kama jamaa wa gabber, ule muziki wa kasi wa Rotterdam. Lakini mizizi yake haiko Rotterdam. Iko kwenye utangulizi wa kinanda cha taarabu, kigoda cha mchiriku na mshereheshaji wa kigodoro.

Lebo hiyohiyo ilikuwa imeona jambo la namna hii Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko Otim Alpha, mwimbaji wa harusi za Kiacholi, alishirikiana na prodyuza Leo Palayeng kuzitia nyimbo za larakaraka kwenye kompyuta, na mkusanyiko wao Gulu City Anthems ukatoka mwaka 2017. Sababu ilikuwa ileile ya Dar es Salaam: kundi zima la wapiga adungu ni ghali, kompyuta inakuja na mtu mmoja.

Kwa hiyo neno “majaribio” lina ukweli, ila limechelewa. Jaribio lilifanyika sherehe ilipokosa fedha na umeme ulipokatika, na waliolifanya walilipwa na mwenye shughuli, si na wizara ya utamaduni ya nchi yoyote. Ulaya iliongeza soko, tiketi ya ndege na jina. Haikuongeza muziki.

Wanaodai

Historia hii inaacha madeni mawili.

La kwanza ni la mpiga kinanda. Salum Abdallah aliichukua Cuba, lakini alilazimika kujifunza kila noti kwa vidole vyake, na kilichosikika mwisho kilikuwa jasho lake na la bendi yake. Prodyuza wa singeli anachukua rekodi yenyewe, pumzi na kidole cha mtu aliyepiga utangulizi ule kwa kundi la taarabu miaka iliyopita. Sekunde zake tatu zimechezwa kwenye kumbi za Ulaya, na jina lake haliko kwenye jalada. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA, lakini katika uchumi wa kadi za memori hata mtunzi wa wimbo mzima hupata taabu kulipwa, sembuse mwenye kifungu. Vijana wa Mburahati wenyewe nyimbo zao zinauzwa vibandani bila wao kupata senti. Kuwafanya wao ndio wakosaji peke yao ni kumkamata mdogo na kumwacha mkubwa.

La pili ni la bonde. Kihansi, kituo cha megawati 180 kinachokusanya maji ya milima ya Udzungwa, kilijiunga na Kidatu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililobuniwa kwa megawati 2,115, lilianza kuzalisha, na katika maji ya Rufiji hakuna mto unaochangia zaidi ya Kilombero. Kompyuta zinazokimbiza taarabu Dar es Salaam bado zinaendeshwa, kwa sehemu kubwa, na mvua inayonyesha juu ya Ifakara. Bonde limetoa mchele, sukari na umeme. Katika biashara ya muziki limebaki mnunuzi.

Si lazima liendelee hivyo, na mfano wa kufuata upo Kenya. Joseph Kamaru, msanii wa muziki wa kielektroniki anayejulikana kama KMRU, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Kijana huyo anatunga mivumo mirefu isiyofanana kabisa na nyimbo za babu yake, lakini ameifanya kuwa kazi yake pia kuzitoa upya rekodi za babu, kwa jina la babu, zinunuliwe kwa halali. Babu anabaki mwenye mali, na mjukuu anabaki huru kwenda atakako.

Sisi tunazo kanda za Radio Tanzania, zilizorithiwa na TBC, zenye dansi, taarabu na ngoma zilizorekodiwa kwa miongo mingi. Zikihamishiwa kwenye kompyuta zote, zikaandikwa majina ya wapigaji na si ya bendi tu, na zikawekewa bei ambayo kijana anaimudu, prodyuza atakuwa na njia ya kuazima bila kuiba, na mpiga kinanda atakuwa na njia ya kudai. Hapo kijana wa Ifakara mwenye kompyuta na umeme wa gridi atakuwa na malighafi ambayo Sisso hakuwa nayo alipoanza, na singeli yake ikitoka haitabeba lazima anwani ya Mburahati.